Mashine ya kufunga nyuzi za raketi: kabla ya kuuliza umeme au mkono, kagua klampu

Malalamiko ninayotumiwa yanafanana sana: mtu kajinyima kanunua mashine ya umeme, kwenye skrini kaweka pauni 55, yaani karibu kilo 25, halafu akiingia uwanjani mpira unapaa tu nje ya mstari, nyuzi zimelegea, na lawama zote anabebeshwa mota. Jamani, mota haina kosa! Imevuta zile 55 zote, klampu, kile kibanio kinachoushika uzi usirudi ukishavutwa, ndiyo imezirudisha.

Kwa hiyo hilo swali la umeme au mkono mi naliweka pembeni kwanza. Klampu inaweza kuteleza sehemu mbili, kwenye meno yanayobana uzi na kwenye kitako kinachojifunga kwenye meza ya mashine, na kitako ndicho watu hawakiangalii kabisa. Vuta uzi mmoja, funga klampu, halafu achia mvuto polepole huku umeikodolea macho: ikirudi nyuma milimita kadhaa, pauni zako zinapotelea hapo, tena kila uzi unaofunga. Meno yapime kwa kalamu, weka alama kwenye uzi palepale klampu inapoishia, alama ikisogea ujue uzi unateleza. Na usikimbilie kukaza skrubu, safisha kwanza kwa spiriti na mswaki mkuukuu maana nyuzi zinaacha uchafu, ukikaza ovyo unauponda uzi, hasa wa badminton ambao unene wake ni milimita 0.7 kushuka chini, wakati wa tenisi unacheza kwenye 1.25 hadi 1.30. Utoke kwenye mmoja uende mwingine bila kurekebisha klampu? Thubutu.

Sasa mpangilio wangu, na sifichi, mi ni mtu wa Gamma, kampuni inayotengeneza mashine hizi.

Wa kwanza, kwa anayefunga nyumbani, ni Gamma X-6FC. Ni ya mkono, ile ya uzito unaoshuka kwenye fimbo, inashika raketi sehemu sita na klampu zake zimekaa kwenye meza. Watu wanaidharau ati ya kizamani, wakati ule uzito unaendelea kuvuta uzi unapolegea sawasawa na inavyofanya mashine ya umeme, na wala haukatiki kama stima. Fimbo ikae mlalo, ila ikizidi au kupungua digrii 10 umekosa kama asilimia 1.5 tu, usijitese. Iko slo, kweli, lakini una haraka ya nini na raketi yako mwenyewe?

Ya pili ni ya kuzungusha hendeli, mfano Prince Neos 1000. Hii ikifika pauni ulizoweka inajifunga hapohapo, uzi ukiendelea kulegea shauri yako, ndiyo maana kwa namba ileile raketi inatoka laini kidogo na mafundi wanaongeza pauni chache kufidia. Raha yake ni kwamba baadaye unaweza kung'oa kichwa cha kuvutia ukaweka cha umeme cha kampuni ya Wise.

Umeme kamili nauweka wa tatu. Fundi wa duka mwenye raketi zimepangana anunue tu, inamuokolea muda na bega. Ila ile ya umeme ya bei ya kutupa, pesa imeishia kwenye mota na taa, klampu ni mabati ya hovyo.

Za klampu zisizokaa kwenye meza, zile zinazoning'inia kwenye nyuzi zenyewe kama za Gamma X-2, za kujifunzia, sawa.

Kinachonichefua ni wauzaji. Tangazo zima ni skrini, vitufe, rangi, sijui inakumbuka mipangilio mingapi, na kipimo cha kuhakiki mkazo wanakuuzia pembeni kama vile ni pambo! Muombe muuzaji picha ya chini ya klampu, kile kitako kinavyofunga, uone kama hajakutumia skrini tena.