Pleco na Hucker: kamusi mbili kwa anayefasiri Kichina

Ukifasiri Kichina kwenda Kiingereza hapa Uganda, iwe ni ripoti za mkandarasi wa barabara au kazi za wanafunzi wa Taasisi ya Confucius pale Makerere, utakwama kwanza kwenye chengyu, yaani nahau ambazo nyingi ni za herufi nne. Ukizivuka hizo, vyeo vya enzi za wafalme vinakusubiri. Pleco inakutoa kwenye kikwazo cha kwanza vizuri mno. Cha pili inakigusa juujuu tu.

Pleco ni kamusi ya simu. Toleo la msingi ni la bure na linafanya kazi bila intaneti, kwa hiyo bando likiisha katikati ya kikao, kamusi haikutupi. Ndani yake kuna CC-CEDICT, kamusi huria ya Kichina-Kiingereza, ambayo kwa nahau nyingi hutenga maana ya neno kwa neno, yenye alama "lit.", na maana halisi, yenye alama "fig.". Kosa la kawaida ni kunakili ile ya kwanza. Chukua pò fǔ chén zhōu, "vunja vyungu, zamisha mashua". Ni habari ya jemadari Xiang Yu kabla ya vita vya Julu, mwaka 207 KK, alipowaondolea askari wake njia ya kurudi. Kwenye barua ya kampuni, vyungu havina kazi. Andika "commit with no way back".

Bàn jīn bā liǎng inahitaji uangalifu zaidi. Nusu jin, liang nane (vyote ni vipimo vya uzito): kwa jin ya leo yenye liang 10, pande hizo mbili hazilingani. Jin ya zamani ilikuwa na liang 16, ndiyo maana nahau inasema "hawa wote ni walewale". Ukiweka "ounces", msomaji atashika mizani badala ya maana. "Six of one and half a dozen of the other" inakaa sawasawa, kwani nayo inalinganisha idadi mbili zilizo sawa.

Inayoleta hasara ni chā qiáng rén yì. Maana yake sahihi ni "inaridhisha kiasi", lakini chā siku hizi hueleweka kama "mbaya", na Wachina wengi wenyewe huitumia kusema "hairidhishi". Hapa kamusi peke yake haitoshi. Soma sentensi inayofuata: ikiorodhesha marekebisho ya kufanywa, muulize mwandishi kabla hujaandika chochote. Neno hilo moja kwenye ripoti ya ubora linaweza kuzuia malipo ya mkandarasi.

Kwa vyeo, tafuta kamusi ya Charles Hucker ya vyeo vya serikali ya kifalme ya China, iliyochapwa na Stanford mwaka 1985. Ina maingizo zaidi ya 8,000, na hutenganisha maana kwa kila nasaba. Kwa mfano, mwenye cheo cha xúnfǔ wa nasaba ya Ming ni "Grand Coordinator". Wa Qing ni "Provincial Governor". Ukikosa kujua nasaba, utampa mtu cheo kisicho chake. Udhaifu wa kitabu ni tahajia: kinatumia Wade-Giles, mfumo wa zamani wa kuandika Kichina kwa herufi za Kilatini, si pinyin ya leo, kwa hiyo xúnfǔ utamkuta kwenye hsün-fu, na jiédùshǐ kwenye chieh-tu shih. Kumbuka x inakuwa hs, na zh inakuwa ch. Ukishindwa kabisa, pitia faharasa ya herufi za Kichina mwishoni. Anayefasiri mikataba tu asikinunue.

Miaka ya utawala, yaani ile inayohesabiwa tangu enzi ya mfalme ianze, haihitaji kamusi, ni hesabu. Chukua mwaka wa kwanza wa enzi, jumlisha namba uliyopewa, toa moja. Enzi ya Qianlong ilianza 1736, hivyo Qianlong 58 ni 1736 + 58 − 1, yaani 1793. Tukio likiwa la mwezi wa 12 wa Kichina, angalia jedwali la tarehe kwanza, maana mara nyingi limeshaingia Januari au Februari ya mwaka unaofuata.