Kliniki ya maandalizi ya upasuaji wa utumbo mpana: tathmini ya mwenye mgonjwa

Mjomba wangu alipogunduliwa kuwa na saratani ya utumbo mpana, hospitali moja ya rufaa jijini Dar es Salaam ilimpeleka kwanza katika kliniki yake ya maandalizi ya upasuaji. Ninaandika tathmini hii kwa ajili ya familia zinazojiuliza kama kliniki ya namna hiyo ina maana yoyote, au ni kuzungushwa tu wakati uvimbe unazidi kukua. Kwa maoni yangu maana ipo, na imo hasa katika namna wanavyoushughulikia uzito wa mgonjwa.

Mjomba ni mtu mwenye mwili. Alifika akiwa na kilo 84 kwa urefu wa sentimita 170, yaani BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) ya 29, juu ya kawaida, nasi sote tulitegemea aambiwe apungue. Mtaalamu wa lishe alimwamkia, akautazama mkanda wake, kisha akamuuliza, "Mzee, Idi iliyopita ulikuwa unaufunga tundu la ngapi?" Mkanda ulikuwa na matundu mapya mawili yaliyotobolewa kwa msumari. Kumbe miezi michache nyuma alikuwa na kilo 96, na mtaani walikuwa wakimpongeza kwa kupendeza. Mgonjwa aliyepoteza zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake ndani ya miezi sita bila kukusudia huhesabiwa kuwa na utapiamlo mkali, hata kama kitambi bado kipo.

Daktari wa upasuaji naye hakutuficha upande wa pili. Unene huongeza uwezekano wa kupata saratani hii, na chumbani mwa upasuaji mafuta yanayouzunguka utumbo humziba daktari asione vizuri, hurefusha kazi, na wakati mwingine humlazimu aache upasuaji wa matundu madogo na kulifungua tumbo. Baadaye kidonda hupata maambukizi kwa urahisi zaidi na ngiri huweza kujitokeza kwenye kovu. Lakini kuishi muda mrefu baada ya upasuaji hakufuati mizani moja kwa moja. Wenye uzito pungufu ndio mara nyingi huwa na matokeo mabaya zaidi, wenye BMI ya 35 na kuendelea nao huelekea kuwa na hali duni kidogo, ilhali waliozidi kiasi tu, katika tafiti nyingi, hawakuonekana kufa mapema kuliko wenye uzito wa kawaida. Sababu mojawapo ni kwamba BMI haitofautishi mafuta na misuli, na misuli ndiyo akiba ya mgonjwa. Alituonyesha kwenye picha ileile ya CT, ile ya kuonyesha ndani ya mwili, iliyopigwa kutafuta uvimbe: misuli ya kiunoni ilikuwa imenywea, imezungukwa na mafuta tele.

Kwa hiyo mjomba hakuandikiwa kufunga kula. Aliagizwa mayai, maziwa, dagaa, kinywaji cha lishe chenye protini na kutembea kila siku, na upasuaji ukacheleweshwa kidogo. Familia iliona uchungu, ingawa miongozo ya lishe kwa wagonjwa wa upasuaji huruhusu siku 7 hadi 14 za kumjenga mtu aliyedhoofika kiasi hicho. (Kinywaji chenyewe ni ghali na bima yetu haikukilipia, uji wa maziwa wenye karanga ulitufaa siku nyingi.)

Kasoro yao kubwa ni mizani. Ile ya koridoni ni ya springi, wagonjwa hupandishwa na viatu vyao, na haikubaliani na ya wodini. Kwa huduma inayojengwa juu ya kilo, hilo halivumiliki, na madhara yake hayaishii kliniki, kwa kuwa dozi ya tibakemikali, yaani dawa za kuua seli za saratani, hukokotolewa kwa urefu na uzito halisi wa mgonjwa, mnene au mwembamba. Anayekwenda huko aombe kupimwa wodini, bila viatu, na aione namba ikiandikwa kwenye faili.