TAHADHARI: "Ushabti ya babu askari", msimtumie hela huyu jamaa

Ndugu zangu mnaokusanya vitu vya kale, hasa tulio huku Uingereza ambao jamaa huyu anatutafuta mmoja mmoja kwa WhatsApp. Kuna mtu anauza sanamu ndogo za makaburini za Misri, zile ziitwazo ushabti, akidai ni urithi wa babu yake. Kiswahili chake kizuri, ana adabu, anaamkia wakubwa na kuulizia watoto kabla hajagusa biashara. Leo yuko Mombasa, kesho Muscat. Bei yake iko chini ya ile ya minada, ila si chini kiasi cha kukushtua. Simtaji jina kwa sababu majina anabadilisha, na namba za simu vilevile. Nitaeleza anavyofanya kazi ili mumtambue hata akija na jina jingine.

Hadithi yake imepikwa na mtu anayewajua wateja wake. Babu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la wakoloni wa Kiingereza Afrika Mashariki), akapelekwa Misri wakati wa Vita Kuu ya Pili, akarudi mwaka 1943 na kijisanduku. Hapo ndipo watu wanalegea, maana askari wa Afrika Mashariki walifika Misri kweli, na wapo kati yetu wenye mababu waliorudi na medali. Lakini kwamba jambo lingeweza kutokea hakuoneshi kwamba lilitokea. Dada mmoja wa hapa mjini alinitumia picha na karatasi zote kabla hajatoa kishika uchumba, na nikakaa nazo jioni nzima.

Karatasi zenyewe ni mbili. Ya kwanza ni barua ya babu, imepigwa taipu, ya mwaka 1943. Itazameni pembeni kulia: mistari yote inaishia pamoja, imenyooka kama safu ya gazeti. Taipureta ya kawaida ya miaka ile haikuwa na uwezo huo. Kila mstari uliishia pale neno lilipokwisha. Hiyo ni kompyuta, kisha karatasi ikachovywa kwenye chai.

Ya pili ni kibali cha kutoa vitu vya kale nje ya Misri, kimeandikwa Cairo, 1968, na mhuri wake unasema "Jamhuri ya Kiarabu ya Misri" kwa Kiingereza. Mwaka 1968 hapakuwa na nchi yenye jina hilo. Tangu ilipoungana na Syria mwaka 1958, Misri iliitwa Jamhuri ya Muungano wa Kiarabu, na ijapokuwa Syria ilijitoa 1961, Misri ilibaki na jina hilo hadi Septemba 1971. Halafu jiulizeni: kama babu alikitoa kitu Misri mwaka 1943, kibali cha 1968 ni cha nini? Nilimshauri dada amuulize hivyo tu, kwa upole. Akajibiwa kwa ukali kwamba kuna wateja wengine watatu wanasubiri.

Msimcheke aliyeghushi mhuri ule, maana kosa la namna hiyohiyo liliwahi kupita mbele ya watu wazito. Mwaka 2017 jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, lilinunua jeneza la dhahabu la kuhani aitwaye Nedjemankh kwa takriban dola milioni 4. Liliambatana na kibali cha Misri cha 1971. Waendesha mashtaka wa Manhattan walipolifuatilia, kibali kikaonekana ni cha kughushi, na mhuri wake ulikuwa na jina la nchi ambalo lilikuwa bado halijaanza kutumika. Jeneza lenyewe lilikuwa halisi kabisa. Liliporwa Misri mwaka 2011, wakati wa vurugu za mapinduzi, na ndani yake kilibaki kipande cha mfupa wa kidole cha marehemu. Mwaka 2019 likarudishwa kwao.

Sasa tuje kwenye sanamu anayouza huyu wetu. Ni ya rangi ya feruzi, ndefu kama kiganja. Ushabti nyingi za namna hiyo zilitengenezwa kwa faiansi, yaani mchanga mweupe uliosagwa, ukafinyangwa au kubanwa kwenye kalibu, ukachomwa hadi juu ukatoa ngozi ya kung'aa kama kioo. Ukikuta ya kweli imebanduka, ndani utaona punje za mchanga, nyeupe au kahawia. Katika picha ya unyayo niliyotumiwa kuna vitundu vidogo vya mviringo, viputo vya hewa vilivyoganda, na ukikuza picha unaona ndani kuna rangi ileile ya nje. Hiyo ni resini, plastiki ya kumimina. Ubavuni kuna mshono wa kalibu uliopigwa msasa mpaka ukawa bapa. Kalibu peke yake si kosa, maana Wamisri wa kale nao walizitumia. Kinachomshtaki ni alama ya msasa na viputo vile.

Kuna na mikono. Ushabti ni mtumishi wa kumfanyia marehemu kazi za shamba huko ahera, kwa hiyo zile za nyakati za mwisho za Mafarao, ambazo huyu anaziiga, hushika jembe na sururu, na begani nyuma hutupiwa kifuko cha mbegu. Kwenye hii jembe limekuwa fimbo iliyonyooka, na kifuko hakipo. Aliyeichonga ya kwanza hakujua anachonga nini.

Maandishi ndiyo yanayoniudhi zaidi. Hauhitaji kusoma maandishi ya kale ya Misri ili umnase mtu. Katika mstari mmoja, ndege, watu na wanyama hutazama upande mmoja, kule mstari unakoanzia. Hapa bundi mmoja anatazama kulia, wa pili kushoto, kisha mawimbi ya maji mara tatu mfululizo, kisha bundi tena. Ya kweli yenye maandishi kwa kawaida humtaja marehemu: huanza na kumwita "Osiris fulani" (Osiris ni mungu wao wa wafu), mara nyingi na jina la mama yake, na zile zenye maandishi marefu hubeba sura ya 6 ya Kitabu cha Wafu, yaani maneno ya Wamisri wa kale ya kumsaidia marehemu ahera. Kwenye hii hakuna jina la mtu yeyote. Ushabti iliyoandikwa mbele yote bila jina la mwenyewe itilieni shaka kubwa.

Nimekwisha kusikia mtu akisema, "Basi nitasubiri anipe ambayo ni halisi." Ndugu yangu, hapo ndipo pa hatari zaidi. Feki inakula hela yako, basi. Halisi isiyo na historia ya umiliki inaweza kula hela yako, ikachukuliwa na polisi, na wewe ukabaki unajieleza. Sheria ya Misri Na. 117 ya mwaka 1983 iliweka vitu vya kale mikononi mwa serikali na kufuta biashara yake ndani ya nchi. Kabla ya hapo walikuwepo wafanyabiashara wenye leseni, na hata jumba la makumbusho la Cairo pale Tahrir lilikuwa na chumba cha kuuzia. Kwa hiyo vitu halali vipo sokoni, ila ni vile vilivyotoka zamani na vinavyoweza kuonesha vilitokaje. Hapa Uingereza ipo sheria ya mwaka 2003 inayomtia hatiani anayefanya biashara ya kitu cha kale kilichochimbuliwa au kuondolewa mahali pake kinyume cha sheria, huku akijua au akiamini kwamba ndivyo kilivyo. Baada ya kusoma maelezo haya, "sikujua" yako itakuwa nyembamba.

Na hadithi ya babu si mpya. Mwingereza mmoja, Jonathan Tokeley-Parry, alikuwa akitoa vitu Misri kwa kuvipaka plastiki na rangi ili vionekane vya kuuziwa watalii. Kimojawapo kilikuwa kichwa cha Farao Amenhotep wa Tatu. Yeye na Frederick Schultz, mfanyabiashara mkubwa wa New York, walibuni mkusanyaji wa miaka ya 1920 waliyemwita Thomas Alcock, wakatengeneza lebo zake na kuzizeesha kwa chai. Kichwa kile kiliuzwa dola milioni 1.2. Tokeley-Parry alifungwa Uingereza, na mwaka 2002 Schultz akahukumiwa miezi 33 Marekani. Tofauti ni kwamba Alcock amegeuzwa askari wa KAR.

Hata karatasi ya kweli inaweza kutumika vibaya. Mwaka 2003 jumba la makumbusho la Bolton lilinunua sanamu ya binti mfalme wa Amarna, mji wa kale wa Misri, kwa kama pauni 440,000, baada ya wataalamu kuipitisha. Ilichongwa na Shaun Greenhalgh, mkazi wa mji huohuo wa Bolton. Familia yake ilikuwa na katalogi halisi ya mnada wa mwaka 1892, yenye maelezo mafupi ya sanamu za Kimisri. Yeye akachonga kitu cha kuingia kwenye maelezo hayo. Alifungwa mwaka 2007. Kwa hiyo mkioneshwa katalogi, tafuteni picha, vipimo, mipasuko, kitu kinachoifunga karatasi na sanamu hiyohiyo na si nyingine.

Mimi huwa namwomba muuzaji jina la mnada, tarehe na namba ya bidhaa, kisha nawapigia wenye mnada kwa namba niliyoitafuta mwenyewe, si aliyonipa yeye. Mkweli hukasirika mara chache sana kwa hilo. Naomba pia picha mpya, kitu kikiwa juu ya karatasi yenye tarehe ya leo kwa mkono, maana huyu wetu picha zake nzuri amezitoa kwenye tovuti za makumbusho makubwa ambayo yanaziweka bure. Ukiitafuta picha kwa picha mtandaoni, inajitokeza yenyewe. Cheti chake kwamba kitu "hakimo kwenye rejista ya vilivyoibwa" kisiwatulize. Kilichofukuliwa usiku kaburini hakikuwahi kuandikwa popote, kitaonekanaje kwenye rejista? Na vipimo vya maabara anavyovitaja, vile vya kujua udongo ulichomwa lini, havina maana kwa plastiki wala kwa jiwe. Kwa mbao, kipimo cha kaboni kinakupa umri wa mti tu, na mbao za kale za kuchongea upya zinapatikana.

Wakati mwingine, mteja akisita, anahamia kwenye mumia, yaani maiti ya kale iliyokaushwa, na kunong'ona kwamba kooni mwa maiti hiyo mna zebaki nyekundu, kitu cha kubuni kinachosemwa kina thamani kubwa. Hamna. Akifika hapo mzuieni, hamna haja ya kumjibu.

Kwa aliyekwisha kutuma hela: usimtumie "ya kukomboa mzigo forodha", atakayoidai wiki inayofuata. Piga simu benki leo au huduma ya wateja ya mtandao uliotumia, hifadhi mazungumzo yote kabla hajayafuta, na toa taarifa polisi hata kama kiasi ni kidogo. Kama mzigo umefika na ni plastiki, uweke na kifungashio chake kama ushahidi, usimuuzie mwingine ili urudishe chako. Kama unahisi huenda ni halisi, usiuoshe wala kuusugua, na usiusafirishe popote. Andika barua kwa ubalozi wa Misri uliokaribu nawe, ambatanisha picha na karatasi zote alizokupa, hata zile unazojua ni za uongo.