Jiko la Hampton Court na Jiko la Brighton

Haya ni majiko ya majumba mawili ya kifalme: kasri la Hampton Court, karibu na London, na kasri la Royal Pavilion, katika mji wa Brighton. Yote mawili yalipikia wafalme wa Uingereza, lakini yametengana kwa karibu miaka 300.

La Hampton Court, enzi za Mfalme Henry VIII, lilikuwa na vyumba 55: cha kuchemshia nyama, cha samaki, cha keki na kadhalika. Watu wapatao 200 waliandaa milo 600, mara mbili kwa siku. Katika jiko kuu, mafahali na kondoo walichomwa mbele ya meko makubwa, na vijana walikaa karibu na moto wakizungusha vyuma vya nyama kwa mikono. Joto lilikuwa kali mno. Kanuni za nyumba ya mfalme za mwaka 1526 zilibidi ziwakataze vijana wa jikoni kufanya kazi uchi! Kwangu mimi, amri hiyo peke yake inaonyesha kwamba mjenzi hakumfikiria mpishi.

La Brighton, lililobuniwa na msanifu majengo John Nash na kukamilika 1816, jiko lake kuu ni ukumbi mmoja mkubwa, wenye dari ya juu sana na madirisha ya kutolea joto na harufu. Hewa ya moto iliyopanda dohani ilizungusha feni, nayo feni ikazungusha nyama. Meza ya chuma iliyopashwa kwa mvuke ilihifadhi vyakula vikiwa moto, na ukumbi wa karamu ulikuwa karibu. Hata nguzo zilipambwa kwa majani ya mitende ya shaba.

Kwa kulisha umati, Hampton Court. Kwa kufanyia kazi, ningechagua Brighton bila kusita.