Mgahawa wa Arusha Unaokesha na Futiboli ya Kimarekani

Mgahawa huu mdogo ulio karibu na Mnara wa Saa jijini Arusha ni miongoni mwa sehemu chache zinazokesha kuonyesha futiboli ya Kimarekani, ambayo fainali yake, kwa saa zetu, huanza yapata saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu. Mishkaki ni laini, chai huchelewa.

Wateja hufuata hasa mjadala: je, kwotabeki nyota, yule anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi, astaafu pindi umri unapomtupa mkono? Madereva wa watalii humtetea Tom Brady, aliyetwaa ubingwa Februari 2021 akiwa na miaka 43. Wenzao humtaja Peyton Manning, ambaye katika msimu wa 2015 mkono wake ulikuwa umechoka waziwazi, akabebwa na safu ya ulinzi ya Denver hadi ubingwa, kisha akaaga. Nami naona Manning ndiye aliyepatia, kwani katika msimu wa mwisho wa Brady, akiwa na miaka 45, timu yake ilipoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda.

Runinga ni kubwa, ila spika moja inakoroma kiasi kwamba mtangazaji hasikiki vizuri. Wenye mgahawa wairekebishe kabla msimu mpya haujaanza Septemba.