Kamailio na keepalived mbele ya seva za simu: uzoefu wangu wa mwaka na nusu

Kwa wiki tatu hivi nilikuwa naamka na namba moja kichwani: 32. Wahudumu wetu walikuwa wanampigia mteja, mteja anapokea, wanasalimiana, mhudumu anaingia kwenye maelezo, kisha simu inakatika. Nilipokaa na saa nikaona zote zinakatika kwenye sekunde ya 32 au jirani yake kabisa. Msimamizi wa zamu alinifuata mpaka chumba cha seva: "Fundi, mteja wangu kakatika tena, na huyu alikuwa analia." Kituo chetu cha hapa Dar es Salaam kinahudumia watu waliokwama kwenye malipo. Mtu akikatiwa simu katikati ya kueleza shida yake, utamwambia nini akuamini kwamba hukumkatia makusudi?

Nimeandika haya kwa ajili ya yeyote anayepanga kuweka kigawa mzigo, hiki ambacho wengi tunakiita lodi balansa, cha kuzigawia seva kadhaa za simu za ofisi kazi. Ninachokipendekeza ni Kamailio, inayopokea ujumbe wa simu na kuuelekeza kwenye seva, ikisaidiwa na keepalived, inayoihamishia mashine ya akiba anwani pale ya kwanza inapokufa. Ni programu huria, hulipii leseni, na kwetu zinafanya kazi usiku na mchana. Lakini zinadai uelewe simu inavyosafiri, kwa hiyo nianze na ile 32.

Tulikuwa na seva mbili za Asterisk 18, programu inayoendesha simu za ofisi, na mbele yake kifaa cha kugawa mzigo kilichonunuliwa zamani kwa ajili ya tovuti. Kwa tovuti kilikuwa hodari. Tukakiongezea na simu, tukiamini mzigo ni mzigo. Hapo ndipo tulipokosea, maana mtu anayefungua ukurasa wa tovuti anauliza, anajibiwa, basi. Simu ni mazungumzo yenye mwanzo, kati na mwisho, na ujumbe wote wa mazungumzo hayo lazima ufike kwenye seva ileile.

Ukipiga simu kwa SIP, itifaki ya kuanzisha na kukata simu za mtandao, simu yako inatuma INVITE, yaani ombi la kupiga. Seva inajibu kwamba kule kunaita, na mteja akipokea inatuma 200 OK. Simu yako inapaswa kurudisha ACK, yaani nimesikia. Seva isipoipata ACK inarudia 200 OK, inarudia tena na tena, na baada ya nusu sekunde mara 64 inahesabu kwamba huko hakuna mtu, inakata. Nusu sekunde mara 64 ni sekunde 32. Imeandikwa hivyo kwenye RFC 3261 ya mwaka 2002, hati ambayo ndiyo katiba ya SIP. Sauti zilikuwa zinasikika muda wote huo kwa sababu sauti husafiri kwa njia yake nyingine, RTP, isiyosubiri ACK.

Sasa ACK ilikuwa inapotelea wapi? Nilifungua sngrep, chombo kinachoonyesha ujumbe wa SIP unavyopita, kwenye seva zote mbili, madirisha mawili kando kwa kando, nikamwomba mhudumu apige. Kifaa chetu kiliona pakiti za UDP tu, yaani vifurushi vya data vya kawaida, hakikujua kwamba ndani yake mna simu. Kilikumbuka nani kapelekwa wapi kwa sekunde 20 za ukimya, kisha kinasahau. Mteja akipokea haraka, ACK inafuata njia ya INVITE. Mteja akiwa jikoni na simu ikaita nusu dakika, kifaa kimeshasahau, ACK inapelekwa kwenye seva ya pili ambayo haina habari na simu hiyo, inaitupa. Nilirudi kwa msimamizi nikamuuliza, "Dada, hawa wanaokatika, huwa wanachelewa kupokea?" Akafikiri kidogo, akasema, "Eeh, kumbe ndio haohao."

Tuliongeza muda wa kumbukumbu wa kile kifaa na ukataji ukapungua sana. Likabaki la pili: tawi zima la ofisi limekaa nyuma ya ruta moja, hivyo simu zake zote zinaonekana na anwani moja ya IP, na kifaa kinazirundika kwenye seva moja huku nyingine ikipumzika. Huko si kugawa mzigo. Ndipo nikaanza kusoma Kamailio.

Mradi huu ulizaliwa Berlin mwaka 2001 katika taasisi ya Fraunhofer FOKUS ukiitwa SIP Express Router, ukapata tawi lililoitwa OpenSER mwaka 2005, na tangu 2008 tawi hilo linaitwa Kamailio. Umri huo una faida: karibu kila kosa nililofanya, mtu alishalifanya kabla yangu na jibu lake lipo.

Kazi ya kugawa inafanywa na moduli iitwayo dispatcher. Unaandika faili dogo lenye namba ya kundi na anwani za seva zako, mstari mmoja kwa kila seva, kisha ndani ya usanidi unaita ds_select_dst ukitaja kundi na namba ya mbinu ya kuchagua. Mwanzoni niliweka mbinu namba 4, zamu kwa zamu, kwa sababu ilionekana ndiyo ya haki. Nusu ya simu zikakataa kutoka. Ilikuwa hivi: simu inatuma INVITE, Asterisk ya kwanza inajibu 401, jitambulishe kwanza, na inaipa simu neno la mara moja la kukokotolea nenosiri. Simu inatuma INVITE ya pili ikiwa na jibu, na Kamailio kwa kufuata zamu inaipeleka kwa Asterisk ya pili, isiyolijua neno lile. Hiyo nayo inauliza upya. Nikahamia mbinu namba 0, inayochukua Call-ID, kitambulisho cha simu hiyo, na kuipigia hesabu ili kupata seva. INVITE zote mbili zina Call-ID moja, kwa hiyo zinafika mahali pamoja. Baadaye nilihamishia usajili na utambulisho wa simu zote kwenye Kamailio yenyewe, lakini mbinu 0 nimeiacha hapohapo.

Kilichonifanya niipende hasa ni Record-Route. INVITE inapopita, Kamailio inaandika anwani yake ndani ya ujumbe, na kuanzia hapo simu na seva, pande zote mbili, zinajua kwamba ACK, BYE (ya kukata simu) na kila kitakachofuata lazima vipitie kwake, na ndani ya ujumbe huohuo imo anwani ya seva iliyoishika simu. Kamailio haihitaji kukumbuka chochote, wala hakuna sekunde 20 za kusahau. Mteja akae jikoni dakika nzima, ACK itafika. Siku nilipowasha usanidi huu nilikaa na wahudumu zamu nzima nikiwaomba waziache simu ziite mpaka mwisho. Hakuna hata moja iliyokatika kwenye 32.

Kwenye kupima afya ya seva nilijifunza mengi kwa taabu. Kamailio inazitumia seva ujumbe wa OPTIONS, yaani uko hai?, kila baada ya muda unaoupanga kwa ds_ping_interval. Zangu zote mbili zilionekana zimekufa wakati ziko hai, kwa sababu Asterisk haikuitambua Kamailio na ilikuwa inajibu 401 badala ya 200. Dawa ilikuwa kuiandikia Asterisk, kwenye sehemu ya identify ya PJSIP (moduli yake ya SIP), kwamba anwani ya Kamailio ni ya nyumbani. Pia weka ds_probing_mode kuwa 1. Ukiiacha 0, seva ambayo haijashukiwa haipimwi, na wa kwanza kugundua kwamba imezimika atakuwa mteja wako.

Kuna mitego miwili mingine. Usipoweka flags kuwa 2 kwenye dispatcher, ds_next_dst haitakuwa na seva ya pili ya kukimbilia, hata kama umeiandika vizuri kwenye failure_route, sehemu ya usanidi inayoshughulikia simu zilizoshindikana. Na muda wa kusubiri jibu uitwao fr_timer, wa moduli ya tm, kwa kawaida ni milisekunde 30000. Maana yake seva moja ikizimika ghafla, anayepiga anaweza kusubiri kimya nusu dakika kabla simu yake haijahamishwa. Nani atasubiri kiasi hicho? Mimi nimeshusha mpaka 3000, kwa kuwa Asterisk ikiwa hai hujibu 100 Trying, yaani nimepokea, papo hapo.

Tena usiiamini OPTIONS kupita kiasi. Inakuambia programu iko macho, haikuambii kwamba inaweza kutoa simu nje. Tulishawahi kuwa na seva inayojibu vizuri kabisa huku laini ya kwenda kwa mtoa huduma imekatika upande wake, na Kamailio ikaendelea kuipelekea nusu ya simu. Sasa nina skripti fupi ndani ya kila Asterisk inayoangalia laini ya nje, na ikiona imelala inaiambia Kamailio iitoe seva hiyo kwenye zamu.

Bila shaka Kamailio moja nayo inaweza kufa, kwa hiyo ziko mbili, na keepalived inazigombeza anwani moja ya IP inayoelea. Mwenye kipaumbele kikubwa anaishika. Akinyamaza kwa sekunde tatu na ushei, kwa tangazo la kila sekunde moja, mwenzake anaichukua. Kusanidi kulinichukua saa moja, kujua kilichoharibika kulinichukua siku mbili. Fayawali ilikuwa inazuia VRRP, lugha ambayo keepalived hutumia kutangaziana, ambayo si TCP wala UDP bali ni itifaki yenye namba yake, 112. Seva hazikusikiana, kila moja ikaamini mwenzake amekufa, zote mbili zikashika anwani ileile. Simu zilikuwa zinajisajili na kupotea kama taa ya barabarani iliyolegea. Ruhusu itifaki 112 kati ya mashine hizo mbili kabla ya jambo lingine lolote. Na kwenye mipangilio ya Linux weka net.ipv4.ip_nonlocal_bind kuwa 1, ama sivyo Kamailio ya akiba itakataa kuwaka kwa kuwa anwani inayoelea bado haiko kwake.

Jumamosi moja usiku, tukiwa na wahudumu wachache waliokubali kubaki, nilichomoa waya wa umeme wa Kamailio iliyokuwa kazini. Watu sita walikuwa wanaongea. Hakuna aliyesikia chochote, kwa sababu sauti inakwenda moja kwa moja kati ya simu na Asterisk, haipiti kwa Kamailio. Mmoja alikata simu yake baada ya hapo na BYE ikapokelewa na Kamailio ya pili, ikaipeleka panapostahili bila kuuliza, kwani njia imeandikwa ndani ya ujumbe. Mwingine alipiga simu mpya katikati ya zile sekunde tatu. Simu yake iliirudia INVITE baada ya nusu sekunde, kisha sekunde moja, kisha mbili, ikapokelewa. Alichosikia ni kuchelewa kidogo tu. Nilisimama na waya mkononi nikiwa na furaha ambayo ni vigumu kumweleza mtu asiye wa kazi hii. Tumbo lilikuwa limenikaza tangu mchana.

Sikuchomoa waya wa Asterisk kwa kutegemea muujiza kama huo, kwani haupo. Asterisk ikizimika, simu zilizo ndani yake zinakufa nayo. Kigawa mzigo kinaokoa simu zijazo tu. Mwambie mkuu wako mapema, kabla hajaahidi watu kwamba hakuna simu itakayokatika kamwe. Na wenye wahudumu wanaofanya kazi nyumbani watahitaji kitu kama rtpengine kubeba sauti ipite ruta za nyumbani. Ukiiweka kwenye mashine ileile ya Kamailio, uzuri wa lile jaribio la Jumamosi unapungua, maana sasa sauti nayo inategemea mashine hiyo.

Pa kunisikitisha ni foleni. Kila Asterisk ina foleni yake, haioni waliosubiri kwa jirani. Ukizigawa simu za wateja kwa Call-ID, mama aliyepiga saa nne kamili anaweza kusubiri kwenye seva ya kwanza huku kijana aliyepiga saa nne na dakika tano anahudumiwa haraka kwenye ya pili. Kwa kituo kama chetu hilo ni dhuluma, hata kama ripoti ya mzigo inapendeza. Nimetenga makundi mawili kwenye dispatcher. Simu za kutoka na za ndani zinagawanywa kwa mbinu 0. Simu za wateja zinazoingia kwenye foleni zinatumia mbinu 8, ya kipaumbele: zote zinakwenda seva moja, na ya pili inazichukua ikiwa ya kwanza imeanguka. Mzigo hauko sawa kwa sawa, lakini aliyetangulia kupiga anatangulia kuhudumiwa. Kwa sababu hiyo naipa nyota nne kati ya tano, ingawa ya tano imepotelea kwenye namna foleni za Asterisk zilivyojengwa kuliko kwenye Kamailio.

Mwenye ofisi ya simu 30 na seva moja isiyochoka hahitaji haya yote. Weka seva ya akiba, keepalived kati yake, ruhusu itifaki 112, uende nyumbani ukalale. Ukianza kuongeza seva ya pili ili zote zifanye kazi kwa wakati mmoja, hapo tafuta Kamailio, na kabla ya kuandika mstari wa kwanza, funga sngrep kwenye kila mashine.