Mikwaruzo ya plastiki: hewa ya moto au msasa wa maji?

Bampa jeusi lisilopakwa rangi likichunwa na vichaka, mimi naenda kwa hewa ya moto. Fundi anapitisha mashine ya kupuliza hewa hiyo sentimita chache juu ya mchubuko, mkono hautulii. Weupe unafifia, plastiki inang'aa kama imelowa, basi anaondoa. Akizubaa, bampa linajikunja, maana polipropilini, plastiki ya mabampa mengi, huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi. Na mkwaruzo uliozama hautoki. Kinachofutika ni ule weupe tu.

Msasa hapo ni kosa. Unakwangua vile vipele vya bampa, panabaki kipara. Kazi yake ni kioo cha taa kilichogeuka njano, ambacho kwa magari mengi ya sasa ni plastiki ya polikaboneti: namba 1000, kisha 2000, kisha 3000, maji yakichuruzika meupe kama tui, halafu polishi. Kliya (rangi angavu isiyo na rangi, ya kukinga) ipulizwe juu, kwani msasa umeshaondoa ngozi ya kuzuia jua. Bila hiyo njano itarudi.

Wanaopaka bampa mawese (Kigoma hapa hayakosekani)? Ukitoka mjini linang'aa, ukifika Ujiji vumbi limeshanata.